Homer Hasomwi Kimyakimya

Mwaka 413 kabla ya Kristo jeshi la Athens lilishindwa vibaya katika kisiwa cha Sicily. Mateka wasiopungua 7,000 walisukumwa ndani ya machimbo ya mawe ya Syracuse, wakakaa humo bila paa, wakiungua mchana na kutetemeka usiku, kwa maji na nafaka kidogo, na wengi wakafa. Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka mia tano baadaye, anasimulia kwamba baadhi ya Waathene waliokolewa na mtunzi wa tamthilia Euripides. Watu wa Sicily walizipenda mno kazi zake, na mgeni yeyote aliyewasili akiwa na vipande viwili vitatu kichwani walimsikiliza na kufundishana alichokighani. Basi Mwathene aliyepotea njia baada ya vita aliweza kuimba akapewa chakula na maji, na wengine waliofanywa watumwa waliachiwa huru baada ya kuwafundisha mabwana zao yale waliyoyakumbuka. Waliorudi kwao salama walimwendea Euripides kumshukuru.

Hawa hawakuwa na vitabu mkononi. Maneno yaliwaingia kwa sikio, yakakaa kifuani, yakatoka tena mdomoni siku yalipohitajika. Sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Wagiriki na Warumi iliishi hivyo, na ndiyo sababu watu wengi wanaojaribu kuisoma leo wanaikosa. Mtu ananunua Iliad ya Homer, anajifungia chumbani, anafika kitabu cha pili, anakutana na mistari zaidi ya mia mbili ya majina ya makamanda, miji na idadi ya merikebu, anakifunga kitabu na kuamua kwamba haya ni mambo ya maprofesa. Ushauri wangu kwako ni mmoja, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: tafuta watu, msome kwa sauti.

Msomaji wa Kiswahili anaingia kazi hii akiwa na mtaji ambao wengine hawana. Lugha yetu ina tenzi ndefu zilizotungwa zighaniwe mbele ya watu. Anayezijua hashangai mtunzi akianza kwa kumtaja Mungu na kuagiza wino na karatasi kabla ya kugusa kisa chenyewe. Naye Homer huanza kwa kumwomba mungu wa kike wa utungo amwimbie. Anayezijua hachoshwi pia na marudio. Shujaa wake Achilles husifiwa kwa wepesi wa miguu hata pale alipoketi, na bahari ina sifa yake isiyobadilika iwe imechafuka au imetulia. Wasomaji wa kimyakimya walilalamikia jambo hilo kwa muda mrefu. Kisha Mmarekani Milman Parry akaenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935 kuwarekodi waimbaji wa vijijini. Mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alimwimbia mwaka 1935 utenzi wa mistari zaidi ya 12,000, karibu sawa na urefu wa Odyssey. Parry alikuwa ameshaeleza kwamba sifa zile za kurudiarudia ni vipande vinavyotoshea mizani, navyo humwezesha mwimbaji kutunga papo hapo bila kukwama. Ukizisoma kwa macho zinakera. Ukizitamka mbele ya wasikilizaji utaona zinawapa pumzi, wewe na wao.

Anzeni, hata hivyo, na tamthilia, kabla ya Homer. Sababu ya kwanza ni kwamba moja iko katika Kiswahili: Samuel Mushi alitafsiri kazi ya Sophocles kuhusu Oedipus kwa jina la Mfalme Edipode, ikatoka mwaka 1971. Itafuteni katika maktaba za vyuo na kwa wauza vitabu vya zamani. Sababu ya pili ni ya kiutendaji. Tamthilia za msiba za Athens wakati wa Sophocles ziliigizwa na waigizaji watatu tu, waliobadilishana vinyago, pamoja na korasi. Kwa hiyo watu watatu wanatosha kusoma majibizano yote, na yeyote mwingine aliyepo, awe shangazi au kijana wa jirani, anaingia kwenye korasi. Kazi nzima inamalizika kwa takribani saa mbili.

Mmoja amshike Oedipus peke yake, maana karibu hatoki jukwaani. Wawili wagawane waliobaki. Mnaweza kupanga kwamba anayesoma maneno ya Jocasta, mama na mke wa Oedipus, ndiye atakayerudi baadaye kusoma ya mchungaji mzee. Jaribuni mpango huo, kwa sababu una uzito wake: mama aliyemtoa mtoto akatupwe na mtumishi aliyeshindwa kumtupa watakuwa na sauti moja, na wasikilizaji watalihisi hilo kabla hamjalisema.

Kabla ya kuanza, simulieni kisa chote mpaka mwisho. Najua mazoea ya sasa ni kuficha mwisho, lakini Waathene waliokaa chini ya Acropolis kutazama walikuwa wanajua tangu awali kwamba Oedipus amemuua baba yake na kumwoa mama yake. Walichokuja kukitazama ni namna mtu mwerevu, mwenye nia njema kwa mji wake, anavyoufukua ukweli huo kwa mikono yake mwenyewe. Asiyejua kisa anahangaika kufuata nani ni nani. Anayekijua anasikia kila neno likiwa na maana mbili. Halafu simameni mahali pamoja tu katikati ya usomaji: pale Jocasta anapoelewa yote dakika chache kabla ya mumewe, akamsihi aache kuuliza. Ulizaneni angefanya nini. Nimeona mjadala wa swali hilo ukienda mbali kuliko mhadhara wowote juu ya dhana ya majaliwa.

Tamthilia ya pili iwe Antigone. Kaka wawili wameuana. Mfalme Kreon anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine aachwe kwa mbwa na ndege. Dada yao anakataa. Katika nchi zetu hakuna haja ya kueleza kwa nini mtu afe kwa ajili ya maziko. Wakenya wenye umri wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga Mei 1987, baada ya mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager kuvutana mahakamani miezi mitano juu ya nani ana haki ya kumzika na wapi. Mambo hayafanani yote, na mtakapotafuta yanapotofautiana ndipo mtakapoisoma Antigone vizuri: kwa Sophocles serikali ndiyo inayozuia, na ukoo umebaki msichana mmoja na dada yake mwenye hofu. Nelson Mandela aliigiza tamthilia hii akiwa mfungwa Robben Island, akapewa nafasi ya Kreon. Fanyeni kama walivyofanya wafungwa wale: mpeni Kreon mtu mnayemheshimu, asome kwa imani kamili. Kreon akisomwa kama mtu mbaya tu, tamthilia inakufa.

Sasa Homer. Hapa sitakushauri uanze mstari wa kwanza uende mpaka wa mwisho. Iliad ina mistari zaidi ya 15,000 na vita vyake vingi vinafanana. Orodha ya merikebu iruke bila aibu, utairudia siku utakapoipenda. Chagueni vitabu viwili, cha 6 na cha 24. Katika cha 6 Hector, shujaa wa Troy, anaagana na mkewe Andromache ukutani, na mtoto wao mchanga analia kwa kuogopa kofia ya baba yake ya vita. Baba anacheka, anaivua, anaiweka chini, ndipo anapombeba mwanawe. Mkishasoma hapo, nendeni moja kwa moja cha 24, Hector akiwa ameshauawa na maiti yake inaburutwa nyuma ya gari la Achilles.

Kitabu cha 24 nakiombea jioni nzima. Mfalme Priam, baba mzee wa Hector, anatoka Troy usiku na gari lenye mali ya kumkomboa mwanawe, anapita kambi ya adui, anaingia katika kibanda cha Achilles, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua watoto wake. Anamwomba Achilles amkumbuke baba yake mwenyewe, mzee aliye mbali anayemngoja. Wote wawili wanalia, mmoja kwa ajili ya Hector, mwingine kwa ajili ya baba yake na rafiki yake Patroclus. Angalieni kinachofuata, maana mtunzi asiye na kipaji angeishia kwenye machozi. Achilles anaagiza maiti ioshwe mbali na macho ya Priam, kwa kuhofu mzee akiiona atashindwa kuzuia hasira, na yeye Achilles naye hasira ikimpanda amuue. Huruma yake ni ya kweli na bado ni mtu hatari. Kisha anamlazimisha mzee ale. Wakishashiba wanatazamana, kila mmoja akistaajabia umbo na haiba ya mwenzake. Ndipo Achilles anauliza mambo ya kawaida kabisa: mnahitaji siku ngapi kwa mazishi? Priam anahesabu siku tisa za matanga, ya kumi kuzika, ya kumi na moja kujenga kaburi, ya kumi na mbili warudi vitani ikibidi. Achilles anakubali kulizuia jeshi.

Msiharakishe kuzungumza baada ya kusoma. Mtu akitaka kusema kitu, kwanza arudie kwa sauti mistari iliyomgusa, ndipo aeleze. Hiyo ndiyo kanuni pekee ninayoishikilia katika kusoma pamoja. Mtu akisema kazi ni nzuri, hajampa mwenzake chochote; akimsomea pale ilipo nzuri, amemgawia.

Farasi wa mbao hamtamwona katika Iliad, wala kifo cha Achilles. Utenzi unakwisha Hector anapozikwa. Farasi anatajwa katika Odyssey, ila kisa chake kamili kiko kwa Mrumi Virgil, katika kitabu cha pili cha Aeneid, kikisimuliwa na Aeneas aliyeutoroka mji unaowaka akiwa amembeba baba yake mgongoni na kumshika mtoto mkono, mkewe akipotea nyuma gizani. Yeyote aliyewahi kukimbia nyumba yake usiku, na katika eneo la Maziwa Makuu watu hao ni wengi, atakisoma kitabu hicho kwa namna ambayo profesa wa Oxford hawezi kumfundisha. Mwacheni azungumze kwanza, kama anataka.

Odyssey ndiyo ya kusoma yote, jioni kwa jioni, kitabu kimoja kila kikao, vipo 24. Vipeni subira vitabu vinne vya mwanzo, ambavyo vinamhusu mwana anayemtafuta baba. Odysseus mwenyewe hatokei mpaka cha tano. Mtakapofika cha 17, mbwa mzee Argos aliyelala juu ya samadi atamtambua bwana wake baada ya miaka 20 na kufa. Katika cha 19 yaya atamtambua kwa kovu anapomwosha miguu. Katika cha 23 mkewe atamjaribu kwa siri ya kitanda chao. Kati ya hapo kuna cha 22, na katika cha 22 wajakazi 12 wanauawa kwa amri ya Odysseus, wakinyongwa kwa mkono wa mwanawe, kwa kosa la kulala na wachumba waliokuwa wameivamia nyumba. Msikiruke. Fasihi hii ilitungwa katika jamii zilizoishi kwa utumwa, na msomaji wa Bagamoyo au Unguja hahitaji kufundishwa hilo lina maana gani. Someni, ulizeni wale wanawake walikuwa na uhuru gani wa kukataa. Homer anawataja, anasimulia miguu yao ilivyopapatika kwa muda mfupi, kisha anaendelea. Kumpenda mtunzi hakukulazimishi kumtetea mahali hapo, na kukasirishwa naye hakukuondolei haki ya kumpenda kwingine.

Kuhusu tafsiri. Nyingi utakazozipata ziko kwa Kiingereza. Ya Emily Wilson ya Odyssey, ya 2017, ina mistari sawa kwa idadi na ya Homer, ni nyepesi mdomoni na yafaa sana kwa kusoma kwa sauti. Ya Robert Fagles, ya 1996, ina mvumo mpana zaidi. Ya E. V. Rieu, ya 1946, ni ya nathari, na anayependa kisa kiende kama riwaya ataifurahia. Asiye na fedha atapata ya Samuel Butler bure mtandaoni kupitia Project Gutenberg, na LibriVox ina sauti za watu wa kujitolea wanaosoma. Kabla ya kununua, chukua ukurasa mmoja wa tafsiri mbili, uzisome zote mbili kwa sauti, kisha ufuate sikio lako.

Lakini mkikutana, kisa kisibaki katika Kiingereza. Mmoja wenu akisome nyumbani, aje akisimulie kwa Kiswahili bila kushika kitabu, halafu zisomwe kurasa mbili tatu alizozichagua. Kusimulia kutamlazimu kuelewa, na kutamkaribisha bibi aliyepo sebuleni ambaye kwa hadithi anawashinda nyote. Kuna mtakachopoteza, hasa mizani. Mtakachopata ni kikubwa zaidi.

Vikao viwe vifupi na watu wawe wachache, wanne hadi sita. Pliny Mdogo, akiandika Roma karibu na mwisho wa karne ya kwanza, alilalamika kwamba mwezi mzima wa Aprili haikupita karibu siku bila mtu kuwasomea wenzake kazi yake, na waalikwa walikaa nje wakipiga soga, wakituma mtu kuulizia kama msomaji ameshaanza au anakaribia kumaliza. Usomaji ukirefuka, hata Warumi walichoka. Pokezaneni pia. Inasimuliwa kwamba Virgil alimsomea Octavian, aliyekuja kuitwa Augustus, utenzi wake juu ya kilimo kwa siku nne mfululizo, na kila sauti ilipomkauka rafiki yake Maecenas alimpokea.

Kwa Warumi wengine nitapita haraka. Ovid mwoneni kwa visa vifupi: anzeni na wazee maskini Baucis na Philemon, katika kitabu cha nane cha Metamorphoses, wanaowakaribisha miungu bila kujua na kumkimbiza bata bukini wao mmoja ili wamchinje. Dido, malkia wa Carthage, yuko katika kitabu cha nne cha Aeneid. Augustino, askofu mwenyeji wa nchi iliyo leo Algeria, aliungama kwamba utotoni alimlilia. Kundi lenu litagawanyika juu ya kama Aeneas alikuwa na haki ya kumwacha Dido, na ni vizuri ligawanyike. Mwafrika mwingine, Apuleius wa Madauros, ambayo nayo iko Algeria, ameacha riwaya ya mtu aliyegeuka punda kwa kudadisi uchawi. Ni riwaya pekee ya Kilatini iliyotufikia ikiwa nzima, ina matusi kiasi, basi wekeni watoto mbali. Siku mtu anapokuwa peke yake, asome barua za Seneca, moja kwa siku. Zipo 124, na katika ya pili anashauri kukaa na waandishi wachache na kuchota wazo moja kila siku.

Mkishazoea, wasomaji wa pwani wana kazi moja ndogo inayowangoja. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki, ambaye hakuacha jina, alieleza safari za Bahari ya Shamu na ya Hindi. Kitabu chake hujulikana kama Periplus. Aya zinazohusu pwani yetu, aliyoiita Azania, ni chache, mnazimaliza chini ya nusu saa. Si fasihi ya kiwango cha Homer. Ni maelezo ya mtu wa biashara, na utamu wake uko hapo. Anataja bandari ya Rhapta, pembe za ndovu na za kifaru, magamba ya kasa, mikuki, mashoka na vyombo vya kioo vinavyoletwa, na manahodha Waarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Anataja kisiwa cha Menouthias, ambako watu wana mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, wanavua kasa, na kunasa samaki kwa vikapu vinavyotegwa kwenye mikondo. Wataalamu wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Msomeeni aya hizo mvuvi wa dema na fundi wa vyombo, muwaulize wao wanasemaje, na mmoja wenu awe na daftari.